Mkuu asiyesikia la mdogo: Funzo chungu la Uingereza

WAHENGA walituusia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia ni balaa gani humfika mkuu asiyesikia la mdogo. Anayetaka jibu la swali hilo na aitazame Uingereza.

Sisi Wakenya twaijua Uingereza kwa mambo matatu. Twaijua kama mkoloni wa jana, twaijua kama taifa ambalo bunge na mahakama zetu zimeiga taratibu zake, na twaijua kwa kandanda ambayo hutufanya tukose usingizi kila wikendi. Tusilolijua sana ni lile ambalo Mwingereza wa kawaida humwambia jirani yake wanapongoja basi, wanapopanga foleni hospitalini au wanapoketi katika baa ya mtaa.

Akizungumzia wanasiasa, kauli yake haitofautiani na ya mlalahoi wa Gikomba au Kongowea: wote ni wale wale.

Hayo si mazungumzo ya kupoteza wakati tu. Kwa miongo kadhaa kumekuwa na utafiti wa kila mwaka unaopima maoni ya Waingereza kuhusu jamii na serikali yao. Katika utafiti wa mwaka 2023, asilimia 45 ya waliohojiwa walisema ni kama hawaiamini kamwe serikali ya chama chochote kuweka maslahi ya taifa mbele ya maslahi ya chama. Kiwango hicho hakikuwa kimewahi kufikiwa tangu swali hilo lianze kuulizwa katika miaka ya themanini.

Wachambuzi wengi wametoa sababu zao. Kuna wanaosema ni ughali wa maisha. Wengine wanalaumu kujiondoa kwa nchi hiyo katika Muungano wa Ulaya, na wengine wanawanyooshea wahamiaji kidole. Kila sababu ina chembe ya ukweli. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kidonda chenyewe kiko ndani zaidi. Mara kwa mara mwananchi wa kawaida wa Uingereza amesema ukweli, na mara kwa mara wakubwa wamemwambia kwamba yeye ndiye mwongo.

Tuanze na kisa ambacho mashabiki wa Liverpool hapa nchini wanakielewa vyema.

Mnamo Aprili 15, 1989, maelfu ya mashabiki wa klabu hiyo walifika katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, kushuhudia nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Nottingham Forest. Msongamano ulipozidi nje, polisi waliamuru lango lifunguliwe. Umati ukamiminika katika sehemu ambazo tayari zilikuwa zimejaa pomoni. Watu 97 walipoteza maisha kutokana na mkasa huo, wa mwisho wao akiaga dunia mwaka 2021 baada ya kuishi na majeraha kwa miaka 32.

Badala ya kukiri kosa, polisi waliwalaumu mashabiki. Ilidaiwa walikuwa walevi na kwamba wao wenyewe ndio waliovunja lango. Gazeti la The Sun likachapisha ukurasani mwa kwanza madai ya aibu dhidi ya marehemu na waliokuwa wakiwaokoa. Tangu siku hiyo wakazi wengi wa Liverpool hawalinunui gazeti hilo.

Kinaya ni kwamba ukweli ulijulikana mapema. Agosti mwaka huo huo, Jaji Taylor aliyeteuliwa kuchunguza mkasa huo alisema chanzo chake kikuu kilikuwa polisi kushindwa kudhibiti umati. Lakini uchunguzi wa kisheria kuhusu vifo hivyo uliishia mwaka 1991 kwa uamuzi kuwa ilikuwa ajali tu. Familia zililazimika kupigana hadi Aprili 2016, miaka 27 baadaye, ndipo jopo la raia lililosikiliza ushahidi upya likaamua kwamba mashabiki waliuawa kinyume cha sheria na kwamba hawakuwa na kosa lolote. Hakuna afisa yeyote wa polisi aliyefungwa jela.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani, na kwamba siku hizi za kompyuta na intaneti ukweli haufichiki. Hapo ndipo kisa cha pili kinapotufunza kinyume.

Katika vijiji na mitaa ya Uingereza, posta ndogo si ofisi ya serikali yenye makarani wa kuajiriwa. Aghalabu ni duka la mtu binafsi aliyetia saini mkataba na Shirika la Posta. Yeye huuza maziwa na magazeti upande huu, na upande ule hupokea vifurushi na kuuza stempu. Mtu huyo hujulikana na kila mtu. Ni mmoja wa watu wanaoaminika zaidi kijijini.

Kuanzia mwaka 1999, Shirika la Posta lilisambaza katika vituo hivyo mfumo wa kompyuta wa kuweka hesabu ulioitwa Horizon, uliosimamiwa na kampuni ya Fujitsu. Haukupita muda mrefu kabla ya hesabu kuanza kuonyesha upungufu wa pesa ambao wenye vituo hawakuweza kuueleza. Leo ni Pauni mia chache, kesho ni maelfu.

Walipopiga simu kuomba usaidizi, wengi wao waliambiwa kwamba hakuna mwingine aliyelalamika. Wewe ni wa pekee. Neno hilo moja liliwavunja moyo kuliko hata upungufu wenyewe, kwa sababu mtu aliyeaminishwa kuwa yuko peke yake huanza kujishuku. Mkataba nao ulisema kwamba pesa zikipungua, mwenye kituo alipe. Basi wakalipa. Kuna waliotumia akiba yao ya uzeeni, kuna waliokopa kwa jamaa na kuna waliopoteza nyumba.

Wasioweza kulipa walipelekwa kortini kwa madai ya wizi, ulaghai na kughushi hesabu. Mama mmoja aliyekuwa mjamzito alifungwa jela mwaka 2010. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 walipatikana na hatia kutokana na ushahidi uliotegemea mfumo huo, wengi wao wakishtakiwa na Shirika la Posta lenyewe. Mlalamishi, mpelelezi na kiongozi wa mashtaka walikuwa chini ya paa moja!

Msomaji atajiuliza: mahakama zinazosifiwa kote ulimwenguni zilikuwa wapi? Jibu liko katika sheria ndogo ambayo wengi hawakuitilia maanani. Mwaka 1999, Bunge la Uingereza lilifuta sharti lililowataka viongozi wa mashtaka kuthibitisha kwamba kompyuta iliyotoa ushahidi ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Tangu hapo mahakama zikawa zinachukulia kwamba mashine haina kosa, hadi mshtakiwa aonyeshe vinginevyo. Muuza duka wa kijijini angewezaje kuonyesha kosa ndani ya mfumo ambao hakuruhusiwa hata kuukagua?

Miongoni mwa waliokataa kunyamaza alikuwa Alan Bates, aliyekuwa na posta ndogo huko Llandudno, kaskazini mwa Wales. Mkataba wake ulikatizwa mwaka 2003. Jarida la Computer Weekly lilipochapisha visa vya wahasiriwa saba mwaka 2009, waliokuwa wakidhani wako peke yao walianza kutafutana. Mwaka huo huo wakaunda chama chao.

Waliposhtaki Shirika la Posta, watu 555 wakiwa pamoja, Mahakama Kuu iliamua Desemba 2019 kwamba mfumo huo ulikuwa na kasoro zilizoweza kusababisha upungufu wa hesabu. Ilibainika pia kwamba wahandisi wa kampuni iliyousimamia waliweza kuingia katika hesabu za vituo wakiwa mbali, jambo ambalo lilikuwa limekanushwa kwa miaka mingi. Shirika lilikubali kulipa karibu Pauni milioni 58, lakini sehemu kubwa ya fedha hizo ilimezwa na gharama za kesi. Kila mlalamishi alibaki na takriban Pauni 20,000, kiasi ambacho hakikukaribia hasara ya wengi wao.

Aprili 2021, Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja. Bado mamia walibaki na doa la uhalifu katika majina yao.

Kilichobadilisha mambo hatimaye ni mchezo wa kuigiza! Januari 2024, runinga ya ITV ilionyesha kwa jioni nne mfululizo hadithi ya Bates na wenzake. Nchi nzima ilishikwa na hasira. Siku sita baada ya sehemu ya mwisho, Waziri Mkuu wa wakati huo, Rishi Sunak, alitangaza bungeni kwamba sheria maalumu ingetungwa kufuta hukumu hizo zote kwa pamoja. Ilipitishwa Mei mwaka huo.

Hapo pana jambo la kutafakari. Habari zilikuwa magazetini tangu 2009. Jaji alikuwa ameamua mwaka 2019. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Sir Wyn Williams ilikuwa ikisikiliza mashahidi hadharani. Hakuna siri mpya iliyofichuliwa na mchezo huo wa runinga. Kilichokuwa kipya ni kwamba wapigakura walikuwa wamekasirika, na uchaguzi ulikuwa ukikaribia.

Ripoti ya kwanza ya Sir Wyn, iliyotolewa Julai 2025, ilisema huenda watu wasiopungua 13 walijiua kutokana na masaibu hayo. Kufikia katikati ya mwaka huo zaidi ya Pauni bilioni 1 zilikuwa zimelipwa kama fidia. Pesa za walipa ushuru zilitumika kulipia kiburi cha wachache waliokataa kusikiliza. Hadi mwaka huo ulipokuwa ukiisha, hakuna msimamizi yeyote aliyekuwa amehukumiwa.

Baadhi ya wahasiriwa walikuwa Waingereza wenye asili ya Kihindi. Jambo hilo linatugusa sisi wa Afrika Mashariki, kwa maana familia nyingi za Wahindi walioondoka Kenya mwishoni mwa miaka ya sitini, na waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, zilianza maisha mapya Uingereza nyuma ya kaunta ya duka. Mwaka 2023 ilifichuka kwamba wachunguzi wa Posta walikuwa wakitumia fomu zilizowagawa washukiwa kwa majina ya rangi ya enzi za ukoloni.

Visa vingine viwili nitavitaja kwa ufupi tu, kwani sura yake ni ile ile.

Mwaka 2018 iligunduliwa kwamba wazee waliotoka visiwa vya Karibi wakiwa watoto, walioalikwa kihalali kuijenga Uingereza baada ya vita na kujulikana kama kizazi cha Windrush, walikuwa wakifutwa kazi, kunyimwa matibabu na hata kufukuzwa nchini kwa kukosa stakabadhi. Walieleza kwamba wameishi humo miaka 50. Hawakuaminiwa. Kumbe serikali yenyewe iliharibu kadi za kuwasili kwao mwaka 2010. Waziri wa Masuala ya Ndani, Amber Rudd, alilazimika kujiuzulu.

Na usiku wa Juni 14, 2017, jumba la Grenfell la ghorofa 24 jijini London liliteketea na kuua watu 72. Wapangaji walikuwa wameonya kwa maandishi kabla ya mkasa kwamba usalama wao ulikuwa ukipuuzwa. Ripoti ya mwisho ya tume ya uchunguzi, Septemba 2024, ilisema vifo vyote hivyo vingeweza kuepukwa.

Kuna tofauti kati ya shabiki wa kandanda, muuza duka, mzee wa Jamaika na mpangaji wa jumba la manispaa. Kinachowaunganisha ni kwamba walisema mapema, wakasema kwa ushahidi, na wakajibiwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kulinda jina la shirika.

Sasa tuingie katika siasa zenyewe.

Mwananchi asiyesikizwa akizungumza kwa adabu hutafuta namna ya kuzungumza kwa kishindo. Juni 23, 2016, asilimia 51.9 ya wapigakura waliamua nchi yao ijiondoe katika Muungano wa Ulaya. Kampeni ya kujiondoa iliwaahidi kwamba wangerejeshewa usukani wa nchi yao. Ahadi hiyo ilimvutia hasa mtu aliyehisi kwamba hajawahi kuushika usukani wowote. Wakuu wa vyama vikubwa, wafanyabiashara na wasomi walimwonya. Kwa nini awasikilize watu ambao hawakuwahi kumsikiliza?

Usukani huo ulipokezanwa kama kijiti katika mbio. Kuanzia Julai 2016 hadi Julai 2024, Uingereza ilipata mawaziri wakuu wapya watano: Theresa May, Boris Johnson, Liz Truss, Rishi Sunak na Keir Starmer. Johnson alitozwa faini na polisi mwaka 2022 kwa kuvunja masharti ya corona ambayo serikali yake yenyewe iliyaweka, wakati raia walikatazwa kukusanyika hata kuwazika wapendwa wao kwa heshima. Truss alidumu siku 49 pekee.

Wakati vigogo wakivutana, hospitali za umma zilizoanzishwa mwaka 1948 kumtibu kila mtu bila malipo zilizidi kulemewa. Mwaka 2023, orodha ya matibabu yaliyokuwa yakingojewa nchini England ilipita milioni 7.7. Ukimwuliza bibi anayengoja kubadilishiwa nyonga kama yeye ni wa mrengo wa kushoto au wa kulia, atakujibu kwamba anataka kutembea.

Uchaguzi wa Julai 4, 2024 ulionyesha jinsi imani ilivyokauka. Labour ilinyakua viti 411 kati ya 650, ushindi ambao kwa macho ni wa kishindo. Lakini kura zake zilikuwa takriban asilimia 34 tu, na wapigakura wanne kati ya kumi hawakujitokeza kabisa. Reform UK cha Nigel Farage kilipata asilimia 14 ya kura na kuambulia viti vitano. Kwa mfumo wao, anayeongoza eneobunge huchukua kiti hata kama wengi hawakumchagua. Hivyo mamilioni walipiga kura na kurudi nyumbani wakihisi, kwa mara nyingine, kwamba hawakuhesabiwa.

Serikali mpya haikuchelewa kujikwaa. Mwezi huo huo wa Julai ilitangaza kuwaondolea mamilioni ya wazee ruzuku ya kununua joto la nyumbani wakati wa baridi. Malalamiko yaliposhamiri, na baada ya Reform UK kuzoa zaidi ya viti 600 vya mabaraza katika chaguzi za Mei 2025, ilirejesha ruzuku hiyo kwa wengi wao Juni mwaka huo. Mpigakura alipata funzo, nalo ni lile lile la mchezo wa runinga: wakubwa hawasikii hoja, husikia tishio.

Funzo hilo ni la hatari. Hatari yake ilionekana Julai 29, 2024, wasichana watatu wadogo walipouawa kwa kisu mjini Southport. Uvumi ulisambaa mitandaoni kwamba muuaji alikuwa mtafuta hifadhi aliyewasili kwa mashua. Ulikuwa uongo, kwani mshukiwa alizaliwa Cardiff. Lakini katika nchi ambayo taarifa rasmi zimewahi kuwa za uongo, je, ni ajabu kwamba baadhi ya watu waliuamini uvumi kuliko tamko la polisi? Msikiti ulishambuliwa, hoteli walimokuwa watafuta hifadhi ikachomwa moto huko Rotherham.

Sitaki kuwatetea waliofanya hivyo. Kutosikizwa si kibali cha kumchoma jirani. Wala Waingereza wengi hawakukubaliana nao. Agosti 7 maelfu waliingia barabarani katika miji mingi kuwakinga wageni na kupinga ubaguzi.

Hata hivyo, chuki hiyo ina gharama kwetu. Mwaka 2021, Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza kuhusu wahudumu wa afya. Mwaka uliofuata nchi hiyo ilifungua mlango kwa wahudumu wa kutunza wazee, na Wakenya ni miongoni mwa walioitikia. Idadi ya wageni walioingia ikilinganishwa na walioondoka ilifikia takriban 900,000 katika mwaka ulioishia Juni 2023. Ilishuka kwa zaidi ya nusu kufikia mwisho wa 2024, lakini wanasiasa hawakutulia. Julai 2025 mlango wa watunza wazee wapya kutoka ng'ambo ulifungwa.

Kwa hivyo binti wa Kenya anayemwogesha mzee wa Kiingereza alfajiri anabeba lawama ya foleni ya hospitali ambayo hakuisababisha. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Kuna watakaosema ninaichora Uingereza kwa rangi nyeusi mno. Watasema, na ni kweli, kwamba katika visa vyote nilivyovitaja ukweli ulijulikana hatimaye. Majaji walitoa uamuzi, waandishi waliandika, tume zilikaa na ripoti zikachapishwa bila mtu kuzificha. Sisi ambao tuna ripoti za tume zilizojaa vumbi kwenye makabati hatuna haki ya kuwacheka.

Nakubali. Lakini haki iliyochukua miaka 27 kwa Hillsborough na zaidi ya 20 kwa wauza stempu iliwakuta wengi wakiwa makaburini. Mzazi aliyezikwa mwaka 2000 akiamini kwamba taifa linamwona mwanawe kuwa mlevi aliyejiua hakufaidika na uamuzi wa 2016.

Waingereza wenyewe wameanza kuliona hilo. Septemba 2025, mswada unaojulikana kama Sheria ya Hillsborough ulifikishwa bungeni, ukinuia kuwalazimisha maafisa wa umma kusema ukweli wakati wa uchunguzi, la sivyo washtakiwe. Nia yake ni njema. Hata hivyo, sheria ya kumlazimisha mkubwa aseme ukweli ni tofauti na mazoea ya kumsikiliza mdogo kabla ya mkasa.

Nasi tunaohamishia huduma zetu katika mitandao ya serikali, kama vile pasipoti, tuna la kujifunza. Iko siku mashine itasema mama fulani hakulipa, na mama atasema alilipa. Swali litakuwa moja tu: karani aliye mbele yake ataangalia skrini, au atamwangalia mama?